Mzee wa Gereji na Presi za Marehemu

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mtaa wetu wote hapa Euless, huku Marekani, unaijua na sina pa kuificha. Niliwahi kununua mashine ya kutengenezea risasi nikidhani ni mashine ya tambi.

Sikuwa na homa wala sikuwa na haraka. Ilikuwa Jumamosi, Ramadhani imekaribia, mke wangu kanituma dukani. Njiani nikapita kwenye nyumba ambayo vitu vyake vyote vilikuwa vimetandazwa nje vinauzwa, kama wafanyavyo Wamarekani mwenye nyumba akifariki: watoto wanakuja, wanapanga meza uani, na kufikia jioni vijiko vya marehemu vimeshapata ukoo mpya. Pale, kati ya pasi na mkasi wa kukatia maua, niliona chuma kizito cha kijani, rangi imebanduka, kina mkono mrefu wa kushusha na kupandisha. Pembeni yake kiboksi cha mbao, ndani yake vyuma vidogo vya mviringo vimelala kwenye karatasi yenye mafuta, kila kimoja na tundu la ukubwa wake. Sasa niambie, nani aliyekulia Tanga atakiona kitu hicho asimkumbuke mama yake anakamua tambi kwa mashine ya shaba, huku anatugombeza tusisogee? Nikasema moyoni, kumbe na Wamarekani wanakula tambi. Nikanunua, nikasahau hata nilichotumwa dukani.

Nikaifunga kwa boliti kwenye kaunta ya jikoni. Nikaiosha kwa sabuni, nikatia unga wa dengu uliokandwa vizuri, nikashusha mkono kwa nguvu zangu zote. Ikatoka tambi moja tu, nene kama kidole gumba, kisha ikagoma.

Mke wangu akaitazama. "Hii tambi au mjusi?"

Tukaikaanga hivyo hivyo. Tukala. Na mimi, kwa kiburi cha mnunuzi, nikasifu.

Aliyetufungua macho ni Mama Kevo, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ni Mkenya, nesi, na akiwa na jambo la kusema halali nalo. Aliingia kuchukua sufuria yake, akaona ile mashine, akaona unga umeingia weusi, akasimama mlangoni.

"Baba Zuhura, mmekula hii kitu?"

"Tumeonja tu."

"Hii si ya chakula! Hii nimeiona kwa gereji ya ule mzee wa pale kona. Ni ya risasi!"

Akatoka mbio, akarudi na mzee mwenyewe, mrefu, kavaa aproni nyekundu juu ya shati jeupe la kanisani. Akaniangalia mimi, akaiangalia mashine, akaliangalia sinia lenye mabaki ya tambi.

"Ilikuwa tamu?" akauliza.

"Ilikuwa na harufu ya mafuta kidogo."

"Ni mafuta ya bunduki ya mtu aliyekufa," akasema, kwa upole, kama mtu anayesoma lebo ya kopo. Kisha akakiokota kile chuma chenye tundu, akachungulia ndani, akaona unga wa dengu umeshikana kuta zote, na uso wake ukajaa huzuni ambayo matumbo yetu hayakuwa yamepewa. Mama Kevo alitupeleka kupimwa damu, tukaonekana wazima. Mzee alikwenda na kile chuma nyumbani kwake, akakaa siku nzima akikitoa unga kwa kijiti cha meno.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mzee wa Gereji. Alikuwa na jina, na nalijua, ila sidhani kama angependa liandikwe na mtu aliyekaanga alichokaanga.

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kwa ufupi. Huku mtu akipiga bunduki, lile ganda la shaba linalodondoka huwa halitupwi na wenye mapenzi nalo. Linasafishwa, linarudishwa umbo lake, linawekewa fataki mpya, baruti na kichwa, linapigwa tena. Kinachorudisha umbo ni dai, kile chuma chenye tundu. Kinacholisukuma ganda ndani ya dai ni presi, ule mkono. Ni jambo la halali kabisa, watu wanalifanya majumbani kama sisi tunavyopika maandazi. Siku hizi ziko mashine zinazojifanyia kila kitu zenyewe. Mzee wa Gereji alizidharau kama anavyodharauliwa mtu anayetafuniwa chakula. Yake zilikuwa za zamani, nyingine zina umri kumpita yeye, chuma cha kusubu kizito ambacho ukikidondosha, kinachovunjika ni sakafu.

Gereji yake ilijaa. Gari lililala nje miaka yote ili presi zilale ndani. Mwaka ambao mvua ya mawe ilipiga Euless ikavunja kioo cha mbele cha gari, alitoka asubuhi, akakitazama kioo kama kitu cha jirani, akaingia gerejini kuhakikisha kwamba dari halijavuja.

Kila presi ilikuwa na jina, na jina lilikuwa kazi ya marehemu aliyekuwa nayo. Hii Mchungaji. Hii Dereva wa Lori. Ile ya pembeni, yenye kichwa kinachozunguka na dai nne juu yake, Mwalimu wa Piano. Alizipata zote kwenye nyumba za waliofariki, huku Haltom City, Hurst, Irving, na mara moja mpaka karibu na Houston. Akifika hakuuliza inauzwaje. Aliuliza, "Alikuwa mtu gani?" Watoto wa marehemu waliokuwa wamejiandaa kubishania bei wakajikuta wamekaa kwenye nyasi wanamsimulia mtu mweusi wasiyemjua jinsi baba yao alivyokuwa akiimba akiwa anaendesha. Nilifuatana naye mara moja, kwa bahati mbaya, maana mimi kutoka nyumbani ni kwa bahati mbaya. Binti mmoja alieleza mpaka akalia, kisha akakimbilia ndani, akarudi na kiboksi cha dai ambacho hakikuwa kimewekwa nje, akamkumbatisha nacho.

"Kwa nini huzipi majina yao wenyewe?" nilimuuliza tuliporudi gerejini.

"Jina ni la familia yake. Kazi ndiyo iliyobaki kwenye chuma." Akanionyesha mpini wa Dereva wa Lori, namna ulivyolika upande mmoja. "Unaona? Alikuwa anavuta kwa kushoto. Mkono wa kulia ulishazoea gia."

Ile yangu ya kijani nilimpa, kwa heshima ya kaunta yangu ya jikoni. Akauliza mwenyewe alikuwa mtu gani. Sikujua. Nilikuwa nimenunua bila kuuliza.

"Hukuuliza?"

"Nilidhani ni ya tambi, mzee."

"Hata ya tambi ina mwenyewe," akasema. Akaipa jina la Tambi, na kila mgeni aliyeingia gerejini alisimuliwa kwa nini.

Sasa, mtu huyu mwenye maganda ya risasi makopo kwa makopo hakuwahi kuua kitu. Alikuwa na bunduki moja tu, ya zamani, nene, inayoingia risasi moja moja, na shabaha yake ilikuwa karatasi. Wenzake wa uwanja wa shabaha walimwalika kuwinda paa kila mwaka, na kila mwaka alikataa kwa neno lile lile: "Karatasi haina watoto." Panya alipoingia gerejini alimnasa kwa ndoo, akamweka kwenye gari lenye kioo kipya, akampeleka mpaka Grapevine kumwachia kando ya ziwa. Mama Kevo alimuuliza kwa nini asimwachie hapo kwenye mtaro. Akasema, "Pale hana pa kuanzia."

Na mtu huyu aliyepima baruti kwa mizani inayoshtuka ukiipumulia, jikoni hakupima kitu. Chumvi alirusha kwa kiganja. Pilipili alikata mpaka macho yaseme basi. Siku moja alituletea pilau ambayo mke wangu alikula kwa adabu, akanywa maji jagi zima, kisha akamuuliza kwa sauti ya kitoto, "Mzee, hivi kule gerejini unapima, huku mbona hupimi?"

"Chumvi haijawahi kumlipukia mtu," akajibu, akajiongezea.

Neno lake kubwa lilikuwa "mimi sibahatishi." Aliliweka kila mahali, hata pasipostahili. Aliendesha gari kama kijana aliyeiba la baba yake, akibadilisha njia bila ishara pale barabara kuu inapoingia uwanja wa ndege, mimi nimeshika mlango kwa mikono yote miwili, na bado akasema, "Tulia. Mimi sibahatishi."

Lakini tofauti yake kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye salamu. Nje ya gereji, hakuna mtu aliyesalimia kama yeye. Kutoka mlangoni kwake mpaka sanduku la barua ilikuwa safari, maana kila aliyepita aliulizwa habari za kazi, za mgongo, za mama yake aliyeko nyumbani, na za yule mbwa. Watoto wetu waliozoea kurusha "hai" wakiwa mbioni walisimamishwa, wakarudishwa mpaka kwenye mti, wakaanza upya kwa shikamoo iliyosimama. Mwanangu Zuhura alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba ili asipite kwake akichelewa basi la shule. Mzee alisema shikamoo ya mtu haiachwi hewani. Ikitamkwa, lazima ipokelewe, hata kama nyumba inaungua.

Ndani ya gereji ikawa kinyume. Baruti ikishatoka kwenye kopo lake, hakuna kusema.

Sababu yake niliielewa baadaye. Maganda ya ile bunduki yake ni makubwa, yalibuniwa enzi ambazo baruti ilikuwa dhaifu na inahitajika nyingi. Ya siku hizi ni kali, inatakiwa kidogo tu, chini kabisa ya ganda. Kwa hiyo ukijisahau ukamimina mara mbili, ganda halifuriki likakuonyesha. Linameza, linanyamaza. Litasema siku ya kupigwa, karibu na shavu la mpigaji. Mtu anayemimina hatakiwi kuwa na kitu kingine kichwani, hata salamu.

Mimi hilo sikulijua Jumamosi ya kwanza niliyokwenda kumtembelea. Nimeoga, nimevaa shati, nimejaa adabu ya mtu anayetaka kusahaulisha jambo la mjusi. Nikamkuta ameinama, trei ya maganda mbele yake, faneli ndogo mkononi. Nikasimama wima.

"Shikamoo, mzee!"

Mkono ukasimama. Akageuka, uso mzuri kabisa. "Marahaba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama Zuhura? Watoto? Kazini salama?" Yote akayauliza, yote nikayajibu. Kisha akachukua ganda moja baada ya jingine, akarudisha baruti yote koponi, mpaka maganda yote yakawa matupu. Akaanza upya.

"Mbona unarudia, mzee?" nikauliza.

Akarudisha tena koponi kile kidogo alichokuwa ameanza. "Kwa sababu umenisalimia," akasema. "Na sasa nitarudia tena, kwa sababu umeniuliza."

Wiki iliyofuata, kwenye kitasa cha mlango wa gereji kulikuwa kumening'inia ile aproni yake nyekundu. Akaiita bendera. Bendera ikining'inia, salamu zimefungwa kama duka: unaingia, unakaa kwenye stuli, unanyamaza mpaka amalize kumimina, apitishe tochi juu ya trei akichungulia ganda moja moja kuona kama baruti imelingana, kisha abane kichwa cha risasi juu ya kila ganda kwa presi. Akimaliza anaivaa aproni, anageuka, na salamu zinafunguliwa. Nikazoea. Nitakuambia ukweli, mtu wa ndani kama mimi, ambaye kochi la nyumbani limeshachukua umbo langu na mke wangu anadai nikifa walizike nalo, sikuwahi kupata mahali pa kutembelea pazuri kama pale. Unakwenda kwa mtu, na hutakiwi kuongea.

Mtu aliyempenda kuliko presi zote kwa pamoja alikuwa binti yake, mfamasia wa Houston. Ni mama mtu mzima mwenye miwani na maneno machache, amefanana na baba yake mpaka kwenye kuinua kidole akiongea. Mwaka mmoja alimletea zawadi: mashine mpya ya kisasa, inayojizungusha yenyewe. Mzee akashukuru, akaisifu, akaifunga vizuri mezani, na kuanzia siku hiyo ikawa mahali pa kuwekea kikombe chake cha kahawa. Kila mwaka, ile sikukuu ya bata mzinga mwezi wa Novemba, binti alikuja kutoka Houston, na kesho yake asubuhi walikwenda wawili uwanja wa shabaha na risasi ambazo mzee alizitengeneza kwa mkono wake. Wa kwanza kupiga alikuwa binti. Ndiyo heshima aliyopewa tangu msichana, na hajawahi kuikosa.

Tatizo likaanza kwa taa. Mzee alisema taa za gereji zimechoka. Akabadilisha. Baada ya mwezi zikachoka nyingine. Akaweka za mwanga mkali mpaka ukiingia unajiona kama unafanyiwa upasuaji, na bado akalalamika giza. Kisha nikamwona anamimina kahawa kando ya kikombe. Kisha akanipa kiboksi cha dai nimsomee kilichoandikwa juu, akisema herufi za zamani zilikuwa na mtindo wa ajabu. Herufi zilikuwa kubwa kama za tangazo.

Mama Kevo aliona kabla yangu. "Huyo mzee haoni," akaniambia ukingoni mwa barabara, mapipa ya taka mkononi. "Nimemwambia aende clinic, ameniuliza habari za mama yangu."

Mimi nikajaribu kwa upande. "Mzee, siku hizi macho wanayasafisha kwa dakika chache tu, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

"Macho ya nani?"

"Ya watu tu."

Akainua kidole. "Usije ukamwambia binti yangu upuuzi. Akisikia macho, ananihamishia Houston. Na Houston kwake hakuna gereji, Baba Zuhura. Kuna balkoni."

Nikaahidi. Mimi naahidi haraka, inanipunguzia mazungumzo.

Siku hizi nikipita pale kona, gereji inalala gari. Mwenye nyumba mpya ni kijana mpole ambaye husalimia kwa kuinua kidevu. Kutoka Houston habari ni nzuri: Mzee amefanyiwa operesheni macho yote mawili, anaona mpaka vumbi la jirani wa chini, na amempigia simu mke wangu kumwambia kwamba kwenye picha za zamani nimenenepa kuliko alivyodhani. Pale kwenye majengo yao wako watu wa kila nchi, na binti anasema kutoka lifti mpaka gari inamchukua baba yake nusu saa. Nafurahi. Lakini nikimkumbuka, namkumbuka siku ya mwisho niliyokaa kwenye ile stuli.

Ilikuwa wiki ya bata mzinga. Tulikuwa tumeshakutana asubuhi kwenye masanduku ya barua, tumesalimiana kwa kirefu, nimemuuliza mpaka mguu wake. Baada ya adhuhuri nikaenda. Bendera ilikuwa imening'inia. Nikaingia, nikakaa. Binti alikuwa njiani, atafika jioni, na kesho asubuhi wanakwenda kupiga. Risasi za kesho ndizo zilikuwa kwenye trei.

Alimimina kama kawaida yake: mizani, faneli, ganda, anasogea. Mizani, faneli, ganda. Sauti ya kumimina ilikuwa na mdundo wa mtu anayekatakata mchicha. Kisha mkono ulichelewa kidogo, akakohoa, akapima tena, na faneli ikarudi kwenye ganda lile lile. Nililiona kwa macho yangu. Baruti ikaingia, ganda likameza, likanyamaza, na yeye akasogea kwenye linalofuata.

Nikajiambia ataliona kwenye tochi. Akamaliza trei, akawasha tochi, akainama, akaipitisha polepole juu ya maganda, moja moja, kwa makini yote ya mtu asiyebahatisha. Alipofika kwenye lile, hata mimi kutoka stulini niliona limejaa juu kuliko wenzake. Akatikisa kichwa kuridhika. Akapita.

Akaisogeza trei kwenye presi. Kwenye Tambi. Siku hiyo ilikuwa zamu yake.

Naomba uelewe mimi ni mtu wa namna gani. Kinyozi akiniharibu nywele namshukuru na nyumbani navaa kofia. Nilifikiria kumngoja binti nje nimnong'oneze. Hapo ningemwaibisha mzee mbele ya mtu pekee aliyetaka kusimama wima mbele yake. Nilifikiria kuanguka na stuli juu ya trei. Nilifikiria kwamba labda sikuona vizuri, mimi nani, mtu wa mjusi. Na nikamfikiria yule mama wa miwani, kesho asubuhi, ameweka shavu lake kwenye kitako cha bunduki. Mzee alikuwa ameshashika kichwa cha kwanza, anakiweka juu ya ganda.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Mkono ukasimama. Hakugeuka.

"Bendera imening'inia."

"Nimeiona."

"Na tumeshasalimiana leo. Umeuliza mpaka mguu."

"Najua, mzee. Shikamoo."

Alikaa hivyo, amenipa mgongo, kile kichwa cha risasi kati ya vidole viwili, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya ndege ya kunileta Marekani. Kisha akakiweka chini.

"Marahaba," akasema, kwa sauti kamili, kama ya kwenye sanduku la barua. "Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ni lipi?"

Nikainuka, nikamwonyesha. Akaligusa kwa kidole, akalitoa, akamimina baruti yake kwenye sahani ya mizani. Ule mkono wa mizani ukaruka, ukagonga juu, tii. Hakuhitaji macho kwa sauti ile. Aliisikia, nami niliisikia.

Akarudisha baruti yote koponi, ganda moja baada ya jingine, taratibu, bila kuruka hata moja. Nikadhani ataanza upya. Badala yake alikwenda mlangoni, akaitoa bendera kwenye kitasa, akakaa kwenye stuli ya pili, aproni mapajani. Tukakaa hivyo mpaka gari la binti likasimama nje.

"Shikamoo, baba! Mbona umekaa? Bado hujamaliza?"

"Marahaba. Sijamaliza." Akasimama. Hakuinamisha kichwa hata kidogo. "Macho yangu yameanza kubahatisha," akasema. "Na mimi sibahatishi."

Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akafungua mdomo, nikajua ni Houston inakuja, ni madaktari, ni kwa nini hukuniambia. Mzee akainua kidole.

"Houston tutaizungumza. Sasa hivi hamna risasi, na kesho kuna shabaha." Akamkabidhi ile aproni. "Tundika. Wewe utamimina. Sisi tutanyamaza."

Binti akaitundika. Akakaa mahali pa baba yake, akavuta mizani karibu. Mzee akakaa kwenye stuli kando yangu, mikono magotini, macho kafumba, anasikiliza: mizani, faneli, ganda. Kila mdundo ukipita sawa, kidole chake kimoja kilipiga goti. Tulinyamaza mpaka trei ikaisha na tochi ikapita, na tochi ile ilishikwa na mtu anayeona. Kesho yake wakaenda wote wawili. Wa kwanza kupiga alikuwa binti, kama siku zote.

Mwaka mpya ulipoingia akahama. Presi zikaenda kwa wenzake wa uwanja wa shabaha, na kila aliyechukua moja ilimbidi kwanza akae asimuliwe mwenyewe alikuwa mtu gani. Mchungaji akaondoka, Dereva wa Lori akaondoka. Mwalimu wa Piano alikwenda Houston na mzee, balkoni au si balkoni. Mimi nikaitwa mwisho.

Akaniwekea Tambi mikononi. Nilikuwa nimesahau uzito wake.

"Ulinunua bila kuuliza," akasema. "Sasa mtu akikuuliza ilikuwa ya mtu gani, utakuwa na jibu."

Kitasani hapakuwa na bendera. Nikamwamkia. Akaitika.

Nikavuka barabara nimeikumbatia ile presi, mgongo umepinda. Mama Kevo alikuwa kwenye mapipa yake, ananitazama. Akataka kujua mzee aliyekuwa hataki kusikia neno macho alikubalije kwenda, ni nani aliyemwambia. Nikaiweka presi chini, nikamweleza yote: faneli, tochi, shikamoo ya kwanza na ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga pipa, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hivyo hata ushujaa wako ni kusalimia mtu mara mbili? Haya. Peleka hiyo chuma kwa nyumba, na usitie unga tena."